Serikali ni Nani, na Raia ni Nani?

Katika somo la Uraia tulifundishwa kwamba dola ina mambo manne: watu, mipaka, serikali na mamlaka kamili. Niliyaandika hayo katika mtihani nikapata alama zote. Lakini likizo iliyopita bibi yangu mzaa mama aliniuliza swali la jambo lilo hilo, nami sikuweza kumjibu. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike habari hizo katika gazeti letu. Nadhani wenzangu wengi wako kama mimi: maana ya dola tunaijua, lakini kilichopo baina ya dola hiyo na mtu mmoja anayelima magimbi hatukijui.

Bibi anakaa katika tarafa ya Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Chini ya nyumba yake kinapita kijito kiteremkacho kwenda mto Ruvu, na kando ya kijito hicho ndipo ilipo bustani yake ya magimbi, miwa, migomba na mboga. Kiangazi kinapokausha mashamba ya juu, bustani hiyo ndiyo imlishayo. Nami pia imenisaidia. Ni kweli ada iliondolewa kuanzia mwaka 2016 kwa sisi wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, lakini sare yangu, madaftari na godoro langu la bwenini vimetoka katika magimbi yale.

Nilipofika mwezi wa Juni nilikuta mawe matatu yamepakwa rangi nyekundu, na moja lilikuwa katikati ya magimbi. Bibi aliniketisha barazani akaniambia hivi:

"Mume wangu," (ndivyo aniitavyo kwa utani, kama mabibi wengi waitavyo wajukuu wao) "wewe ndiwe msomi wetu. Walikuja watu kutoka mjini, wakapima, wakapaka mawe rangi, wakaenda zao. Nimeambiwa nisilime tena hapa, kwa kuwa Serikali imekataa. Hapa alilima mama yangu, na mama yake kabla yake. Sasa niambie, huyo Serikali ni nani, hata awe na neno juu ya magimbi yangu?"

Nikamjibu kwamba serikali ni chombo cha dola chenye mihimili mitatu, yaani Bunge, Mahakama na Utawala. Akacheka sana. "Hayo umeyasoma," akasema. "Mimi nakuuliza nani."

UKOO NA DOLA

Ili kumwelewa Bibi, hapana budi kwanza tujue jinsi ardhi ilivyotawaliwa Uluguru. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ilikuwa mali ya ukoo, na mkuu wa ukoo, yaani mndewa, ndiye aliyeigawa na kuamua magomvi. Mndewa alikuwa mjomba wa mtu fulani na ndugu wa mtu fulani. Akikosea, walimjua nyumba yake, wakamwendea. Walikuwako pia wakuu wenye sifa kubwa, kama Kingalu wa Kinole aliyejulikana kwa mambo ya mvua, lakini hakuwako mtu mmoja aliyeitawala milima yote kwa amri.

Kisha wakaja Wajerumani, na kuanzia mwaka 1898 wakatoza kodi ya nyumba. Hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Mtu alitakiwa kumlipa mtu asiyemwona, kwa kazi asiyoijua, na asipolipa alikamatwa. Baadaye Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1926, walitawala kwa kuwatumia wakuu wa wenyeji. Uluguru nako wakawekwa watawala, na hatimaye sultani wa nchi nzima. Kwa macho wakuu wale walikuwa wenyeji wetu, lakini mshahara wao na cheo chao vilitoka bomani. Kwa hiyo mkuu alipotaka kujua kama amefanya vema, hakuutazama tena uso wa nduguze, bali uso wa Bwana D.C.

Naomba tuliangalie sana jambo hili, maana ndilo shina la habari yangu. Ukoo ni watu wanaojuana, na dola ni watu wasiojuana. Mkuu wa ukoo hakuhitaji kuandikiwa sheria ya kuwauliza watu, kwani alikula nao. Lakini mtawala wa watu asiowajua anaweza kuamuru bila kuuliza, na pengine hata asitambue kwamba hakuuliza.

NGAZI ZA MWAKA 1955

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Mabwana shamba waliona kwamba udongo unamomonyoka, kwamba moto unaunguza majani, na kwamba mito inajaa matope. Waliyoyaona hayakuwa uongo. Dawa waliyochagua ilikuwa kuwaamuru watu wachimbe ngazi, yaani kuukata mlima uwe kama vidato, wasichome moto, na wasilime penye miteremko mikali wala kando ya mito. Aliyekataa aliweza kutozwa faini au kufungwa.

Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpango ule ulitengenezwa na watu ambao hawakulima Uluguru, na kwa hiyo makosa yake yalijulikana kwa wakulima kabla ya kujulikana ofisini. Kosa la kwanza lilikuwa katika udongo. Kuchimba ngazi kuliuzika udongo mweusi wa juu na kuutoa nje udongo mwekundu wa chini usio na rutuba, na mavuno yakapungua. La pili lilikuwa katika mvua. Upande wetu wa mashariki hupata mvua nyingi, na ngazi inayozuia maji mengi mahali pa mteremko mkali huweza kubomoka. La tatu lilikuwa katika nguvu za watu. Kazi ilikuwa kubwa, haina malipo, na ilichukua siku za kulima chakula. Na la nne lilikuwa katika ukoo. Mwanamume aliyekaa penye ardhi ya ukoo wa mkewe alijiuliza, "Nichimbe ngazi hizi nivunjike mgongo, shamba ni la nani?" Hilo bwana shamba hakuliuliza, kwa hiyo hakulijua.

Bibi alikuwa mtoto wa miaka saba wakati ule. Anakumbuka mama yake akirudi jioni na mikono yenye malengelenge, akisema, "Leo nimewalimia mawe."

Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika kwa wingi Matombo kuzikataa ngazi. Mawe yakarushwa, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwalazimisha watu kuchimba.

Baadhi yetu tukiisoma habari hii tutasema watu wa Matombo walikuwa wakorofi. Lakini tujiulize, wangewezaje kusema? Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika hawakuwa na mtu waliyemchagua. Uchaguzi wa kwanza wa nchi ulifanyika mwaka 1958 na 1959, na hata huo ulikuwa wa wenye elimu, kipato au cheo fulani tu. Mtu asiyeweza kusema mahali penye maamuzi hana ila mambo mawili: kutii kimya kimya au kuokota jiwe. Mtu wa namna hiyo ni mtawaliwa. Raia ni yule aliye na njia ya tatu.

Tena tusidhani kwamba kosa hili ni la wageni peke yao. Mwaka 1972 serikali yetu wenyewe ilivunja halmashauri za wilaya. Kisha kuanzia mwaka 1973 hadi 1976 mamilioni ya watu wa vijijini walihamishwa kwenda kukaa katika vijiji, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu. Nia ilikuwa njema: watu wapate shule, maji na zahanati. Lakini nia njema haitoshi. Serikali ikarudi nyuma kidogo, na kwa sheria za mwaka 1982 ikazirudisha serikali za mitaa. Nitazieleza sheria hizo baadaye, maana ndizo zilizomsaidia Bibi.

LAKINI JE, MABWANA SHAMBA WALIKOSEA?

Nilipofika hapa katika kutafuta habari hizi, nilitaka kumwambia Bibi, "Lima, usijali." Mwalimu wetu wa Jiografia ndiye aliyenizuia. Alinieleza habari za Mgeta, upande wa pili wa milima yetu. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua kubwa kwa muda wa saa chache, na milima ikaporomoka mahali zaidi ya elfu moja. Wataalamu walipokwenda kupima waliona kwamba karibu maporomoko yote yalianzia penye mashamba na majani, na machache sana yalianzia penye msitu. Kwa hiyo wale mabwana shamba wa zamani walikosea kuhusu dawa, tena wakakosea zaidi kuhusu jinsi ya kumpa mgonjwa dawa, lakini kwamba mlima unaumwa hawakukosea.

Pia kuna jambo la maji. Maji yatokayo misitu ya Uluguru yanaingia Ruvu, nayo Ruvu inapeleka maji kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na kutoka huko yanakwenda Dar es Salaam. Mama anayefungua bomba Kariakoo hamjui Bibi, wala Bibi hamjui yeye. Lakini Bibi akilima mpaka ukingoni mwa kijito, udongo unaingia majini, na mwenzake wa mjini anapata tope na gharama ya kulisafisha. Kama wangekuwa ukoo mmoja wangekaa barazani wakapatana. Nao hawawezi, kwani wako mbali na ni wengi mno. Anatakiwa mtu wa kusimama kati yao. Hapo ndipo nilipoanza kuona jibu la swali la Bibi.

Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inazuia shughuli za watu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Yale mawe mekundu yalikuwa alama ya mita hizo 60.

NGAZI ZILE ZILE, KWA NJIA NYINGINE

Sasa nataka kueleza jambo lililonishangaza kuliko yote. Si mbali na kwetu, katika vijiji vya Kibungo, Lanzi, Dimilo, Nyingwa na Lukenge, miaka zaidi ya hamsini baada ya ghasia za Matombo, wakulima walichimba ngazi. Hawakupigwa wala kufungwa. Mashirika ya CARE na WWF yalileta mpango ambao wanywaji wa maji walio chini, yaani shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, DAWASCO, pamoja na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza, walitoa fedha za kuwalipa wakulima wa juu wanaotunza udongo. Mkulima alichagua mwenyewe: ngazi, makinga maji, kupanda miti, au kupanda majani ya kuzuia udongo. Kisha shamba lake lilipimwa, naye akalipwa kwa kadiri ya kazi aliyoifanya.

Mpango ule ulikuwa wa miaka michache tu, na sisemi kwamba umaskini umekwisha huko. Lakini tuyalinganishe mambo haya mawili. Milima ni ile ile, mvua ni ile ile, majembe ni yale yale, na ngazi karibu ni zile zile. Mwaka 1955 zilimwaga damu, na baadaye watu wakazichimba kwa hiari. Tofauti ni kwamba mara ya pili watu waliulizwa, wakaelezwa kazi hiyo inamfaa nani, na yule anayefaidika akatoa chake. Nawaombeni, wenzangu, mlikumbuke hilo kila mnapowasikia watu wakisema kwamba wananchi hawapendi maendeleo.

SHERIA INASEMAJE LEO?

Nilirudi kwenye vitabu vyangu, safari hii nikitafuta mambo ya kumfaa Bibi wala si ya mtihani. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 8, inasema kwamba mamlaka yote ya serikali yanatoka kwa wananchi, na kwamba serikali itawajibika kwao. Kwa hiyo yule bwana mwenye rangi nyekundu alifanya kazi kwa mamlaka ambayo sehemu yake ni ya Bibi.

Pili, ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye na taifa lake. Lakini ibara ya 26 inamtaka kila mtu aitii Katiba na sheria, na ibara ya 27 inamtaka kila mtu azilinde maliasili za nchi. Haki na wajibu zimewekwa jirani, na mtu hawezi kuchukua moja akaiacha nyingine.

Tatu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Sheria hiyo hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hapa Uluguru mabibi zetu waliijua haki hiyo zamani, kwa desturi ya ukoo.

Nne, na hili ndilo lililotufaa zaidi, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inasema kila kijiji kina mkutano mkuu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Si tajiri tu, wala si mzee tu, wala si mwanamume tu. Halmashauri ya kijiji, yenye watu 15 hadi 25, inachaguliwa na mkutano huo, nayo inawajibika kwao.

Bibi aliposikia hayo akauliza, "Kwa hiyo mimi ni mjumbe?" Nikamjibu, "Ndiyo, Bibi." Akasema, "Miaka yote hii sikuambiwa." Kusema kweli, mikutano ilikuwa ikiitishwa, lakini yeye hakuwa akienda, kwa kuwa alidhani ni mambo ya wanaume na ya chama. Kwa hiyo kosa halikuwa la upande mmoja.

BARUA NA MKUTANO

Mjomba aliita kikao cha ukoo. Vijana wengine walitaka kuyang'oa mawe usiku. Mjomba akawakataza, akisema, "Mkiyang'oa usiku, watayarudisha mchana pamoja na polisi. Tuandike barua." Basi mimi nikaandika, yeye akisema. Tuliomba mambo matatu tu: kwamba wenye kupima waje mbele ya mkutano mkuu wa kijiji waieleze sheria, kwamba waseme mazao yaliyomo ardhini yatakuwaje, na kwamba waseme nyumba zilizomo ndani ya mita 60 zitakuwaje. Kwa maana mimi na binamu yangu tulikuwa tumepima kwa kamba kutoka ukingo wa kijito, nazo mita 60 zilitufikisha mlangoni pa jiko la Bibi. Mwenyekiti wa kijiji aliipokea barua, akaitia mhuri, akaipeleka.

Katika juma la tatu la likizo mkutano ulifanyika chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Watu walikuja wengi kuliko desturi. Yule bwana alikuja na chupa mbili za maji. Moja aliijaza juu karibu na msitu, na maji yake yalikuwa meupe kabisa. Ya pili aliijaza chini ya mashamba yetu, na maji yake yalikuwa kama chai ya maziwa. Alizipitisha watu waziangalie. Kisha akasema, tena kwa adabu, kwamba walipaswa kuanza na mkutano kabla ya kupaka rangi, na kwamba hilo lilikuwa kosa lao. Nilishangaa jinsi neno hilo moja lilivyowatuliza watu. Hata wale vijana wa kung'oa mawe walinyamaza.

Bibi alisimama. Sijapata kumwona akisema mbele za watu. Alisema, "Maji hayo hatuwanyimi watu wa Dar es Salaam, ni ya Mungu. Lakini wao wanaokunywa, wanajua kwamba mimi nikiacha kulima hapa nitakula nini?" Yule bwana hakuwa na jibu, ila aliliandika swali lile katika daftari lake mbele yetu sote.

Baada ya maneno mengi watu walipatana hivi. Magimbi yaliyomo ardhini yataachwa mpaka yakomae, yavunwe. Baada ya hapo jembe halitaingia tena ndani ya alama, na patapandwa mikuyu na miti mingine ya kushika ukingo. Ukoo wetu nao uliamua kumpa Bibi kipande cha shamba juu ya nyumba. Mimi, Mjomba na binamu zangu tulikichimba kipande hicho ngazi kwa siku nne. Bwana shamba wa kata alitufundisha kuuweka kando udongo mweusi, kusawazisha, kisha kuurudisha udongo ule juu, na kupanda mabingobingo ukingoni mwa kila ngazi. Bibi alikaa juu ya jiwe akitutazama. Akasema, "Kama wangemwonyesha mama yangu hivi, asingelima mawe."

Sitaki mdhani kwamba mambo yote yamekwisha vizuri. Kipande kile cha juu hakina maji ya kiangazi, na hakitazaa magimbi kama kile cha chini. Hakuna aliyemlipa Bibi kitu kwa alichopoteza. Na kuhusu jiko lake, yule bwana alisema hana mamlaka ya kulijibu, atawauliza wakubwa wake. Tumeandika barua ya pili.

JIBU LANGU KWA BIBI

Siku ya kurudi shule nilimwambia Bibi yale niliyoyapata. Nilimwambia kwamba Serikali si mtu, wala si ofisi ile ya mjini. Ni njia ambayo watu wengi wasiojuana, yeye na yule mama wa Kariakoo, wameiweka ili wapate kutendeana haki bila kuonana. Njia hiyo ina watu wanaoitumikia na wanaolipwa kwa kodi. Hata Bibi, anunuapo sabuni dukani, ndani ya bei yake mna kodi ya ongezeko la thamani iliyoanza mwaka 1998. Kwa hiyo ana haki ya kuwauliza wale wanaolipwa kwayo.

Nilimwambia pia kwamba pande zote mbili zina deni. Deni la serikali ni kuuliza kabla ya kuamuru, kueleza sababu, na kujibu ikiulizwa. Deni la raia ni kwenda mkutanoni, kusema lililo kweli, na mapatano yakishafanyika, kuyashika hata kama yanauma. Serikali isiyouliza hupata watu wanaotii kwa hofu na kukaidi kwa siri. Na raia asiyehudhuria wala kusema huwaachia wengine wamwamulie, kisha hulalamika barazani kwake.

Wenzangu wengi wa Kidato cha Nne wametimiza au watatimiza karibuni miaka 18. Siku hiyo kila mmoja wetu atakuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chake, au mpiga kura wa mtaa wake, apende asipende. Nawasihi msiungojee uchaguzi wa Rais ndipo mjione raia. Likizo ijayo ulizeni mkutano wa kijiji ni lini, nanyi wazazi mtuchukue twende nanyi, hata sisi ambao bado hatuna sauti ya kuamua.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa umenijibu. Basi mwambie huyo Serikali wako kwamba jiko langu linangoja." Mpaka naandika maneno haya barua yetu ya pili haijajibiwa. Majibu yakija, yawe mema au mabaya, nitawaandikieni katika gazeti la muhula ujao.